Neno ‘affect’: Kuathiri, kugusa au kudhuru?

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Moshi, akishavuka Mto Wami, hufika Mkata, mahali ambapo barabara ya kwenda Handeni mjini huchepuka upande wa kushoto kutoka katika barabara kuu ya Chalinze–Segera. Kutoka hapo hadi Handeni mjini ni kilomita 54, na kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 nyingine. Ni eneo la mahindi, machungwa na mifugo, na kwa miaka mingi sasa limekuwa pia eneo la miradi: barabara, njia za umeme na bomba la mafuta.

Pamoja na miradi hiyo huja nyaraka, na ndani ya nyaraka hizo limo neno moja la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kulifundishwa, lakini ambalo huwatoa jasho wakalimani wanapotakiwa kulisema kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji. Neno hilo ni kitenzi “affect”.

Kwa asili ni neno la Kilatini, lenye maana ya kutenda jambo juu ya kitu au mtu. Katika Kiingereza cha leo hutaja hali ya kitu kimoja kukigusa kingine na kukiletea mabadiliko. Jambo la kuzingatia ni kwamba neno lenyewe halitoi hukumu. Halisemi kama mabadiliko hayo ni mema au mabaya, makubwa au madogo. Mvua inaweza “ku-affect” mavuno kwa kuyaongeza au kwa kuyaozesha shambani, na Mwingereza hatajua ni lipi mpaka asome sentensi inayofuata.

Kiswahili kimelipa neno hili mwenza rasmi, nalo ni “athiri”. Tujaribu sasa sentensi ileile kwa Kiswahili: “Mvua za vuli zimeathiri mavuno ya mahindi wilayani Handeni.” Hakuna msomaji wa gazeti atakayedhani kwamba maghala yamefurika. Atajua mara moja kwamba mahindi yameharibika. Hukumu imekwisha kutolewa na kitenzi kabla mwandishi hajaeleza chochote.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Neno la Kiarabu “athar”, ambalo ndilo chimbuko la “athari” na “athiri”, lina maana ya alama inayobaki baada ya kitu kupita, kama unyayo mchangani. Unyayo hauna ubaya wala wema. Maana hiyo tulivu ingali hai katika Kiswahili cha wasomi. Mhakiki wa fasihi husema kwamba maandishi ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mkoani Tanga mwaka 1909, yamewaathiri washairi wengi waliomfuata, na hakuna anayefikiri kwamba washairi hao wamepata hasara. Vivyo hivyo tunasema Kiswahili kimeathiriwa na Kiarabu, Kireno na Kiingereza.

Kwa hiyo tunazo “athiri” mbili: moja ya darasani, isiyoegemea upande, na nyingine ya barabarani, inayonuka madhara. Tatizo huanza pale mtu wa darasani anapozungumza na mtu wa barabarani, kila mmoja akidhani mwenzake amemwelewa.

Mfano ulio wazi ni ule wa “Tathmini ya Athari kwa Mazingira”, istilahi rasmi iliyopata nguvu za kisheria kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wataalamu waliokusudia istilahi hiyo walitaka mradi upimwe kwa mema na mabaya yake. Lakini mtafiti akimuuliza mkulima, “Je, mradi huu utakuwa na athari gani kwako?”, amekwisha kumuuliza, bila kukusudia, ataumia namna gani. Mkulima hutaja visima, makaburi na miembe itakayokatwa. Hataji ajira wala soko, kwa kuwa hakuulizwa habari hizo. Baadaye mtafiti huandika kwa Kiingereza kwamba wanakijiji waliona “impacts” mbaya tu, na msomaji wa ripoti huwaona ni watu wagumu wasiopenda maendeleo. Lugha imewasemea jambo ambalo wao hawakulisema.

Lakini hakuna mahali ambapo neno hili liliwaumiza watu kama katika habari za UKIMWI.

Desemba 31, 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 ikaanzishwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS. Nyaraka za Kiingereza za wakati huo zilitenganisha makundi mawili kwa maneno yanayofanana sauti: “infected”, yaani walioambukizwa virusi, na “affected”, yaani wote ambao maisha yao yaliguswa na ugonjwa hata kama wao hawana virusi. Mjane, yatima, bibi aliyebaki akilea wajukuu watano, wote hao waliingia katika kundi la pili.

Tafsiri ikawa “walioambukizwa na walioathirika”. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Mitaani haikudumu. Watu walikuwa wakitafuta neno la staha la kumtaja mwenye virusi, wakalikuta “ameathirika” liko tayari, laini na la kiofisi, wakalichukua. Muda si muda, kusema “fulani ameathirika” bila kueleza kwa nini au na nini ikawa na maana moja tu. Mpaka la kile kilichowatenganisha wagonjwa na wanaowauguza likafutika, na yatima aliyeandikishwa katika orodha ya “watoto walioathirika” ili apewe sare na madaftari akawa anatazamwa na wenzake kama mwenye virusi. Hilo halikuwa kosa la sarufi. Mtoto alinyimwa kikombe cha maji kwa ajili ya kitenzi.

Ndiyo sababu asasi za watu wenye virusi zilisisitiza maneno “watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI”, ambayo baadaye yalifupishwa kuwa WAVIU. Ni maneno marefu, lakini yanamtaja mtu kwanza. Hata hivyo, “athirika” ilikwisha kubeba doa, na ingali imelibeba. Mwandishi wa habari anayeandika leo kwamba “wakazi wa Mkata wameathirika” hana budi kumalizia upesi: na mafuriko, na ukame, na ubomoaji. Asipomalizia, wasomaji watammalizia.

Tuingie sasa kidogo katika sarufi, maana humo ndimo haki ya mtu inapoweza kupotea. Kutokana na “athiri” tunapata “athirika” na “athiriwa”. Wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. Si neno moja. Tazama tofauti ya “nyumba imebomoka” na “nyumba imebomolewa”. Ya kwanza inaeleza hali. Pengine ni mvua, pengine ni uzee wa tope. Ya pili inaeleza kwamba yuko aliyeibomoa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Basi “mwathirika” ni mtu aliyefikwa na hali, na “mwathiriwa” ni mtu aliyetendewa. Anayedai fidia anafaa kuitwa kwa jina la pili. Ajabu ni kwamba nyaraka nyingi za fidia humwita kwa jina la kwanza.

Katika barabara kuu za nchi jambo hili lina rangi kabisa. Kwa sheria za zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipoanza kutekelezwa, hifadhi ikawa meta 30. Nyumba zikachorwa alama ya X. Nyekundu ilikuwa ya yule aliyehesabiwa kuwa ameifuata barabara, naye hakustahili fidia. Ya kijani ilikuwa ya yule ambaye barabara ilimfuata, naye alistahili. Wote wawili kwa Kiingereza ni “affected”. Wote wawili walilala usiku huo wakitazama alama ukutani, na alama, kama tulivyoona, ndiyo maana ya kwanza kabisa ya neno “athari”. Lakini sheria inawatenga kwa rangi moja tu ya chokaa, na Kiswahili kinachowaita wote “waathirika” hakimsaidii yeyote kati yao.

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki lilikuja na neno jipya. Bomba hilo linatoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mkoani Tanga njia yake hupita katika wilaya za Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika pwani. Nyaraka zake za Kiingereza huwataja wenye ardhi na mazao katika njia hiyo kuwa ni “project affected persons”, kwa kifupi PAPs, nao kwa upande wa Tanzania ni zaidi ya 9,000. Kwa Kiswahili hawakuitwa waathirika. Waliitwa “waguswa wa mradi”.

Neno “waguswa” lina sifa zake. Halina doa la ugonjwa. Limo katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo linabakiza swali la “na nani?”. Tena “gusa” inaikaribia “affect” kwa namna ambayo “athiri” imeshindwa, kwani mtu huguswa kwa wema na kwa ubaya. Tunapomwambia mfiwa kwamba tumeguswa na msiba wake, tunasema kilekile ambacho Mwingereza husema kwa “affect” anapokusudia moyo.

Kasoro yake ni wepesi. Kugusa ni jambo la ncha ya kidole. Mtu ambaye mkanda wa bomba umekata pembe ya shamba lake ameguswa. Yule aliyehama nyumba aliyozaliwa, akayaacha makaburi ya wazee wake au kuyahamisha, huyo kuitwa mguswa ni kupunguza uzito wa habari yake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, “waguswa” linafaa kuwa jina la jumla la orodha nzima, lakini ndani ya orodha pawe na maneno yanayosema ukweli kwa kila mmoja: aliyehamishwa makazi, aliyetwaliwa ardhi, aliyepoteza mazao, aliyefungiwa njia.

Lipo na neno la tatu, “kupisha”. Magazeti hupenda kuandika “wananchi waliopisha mradi”. Linapendeza sikioni, lakini lisomwe kwa tahadhari. Kumpisha mtu njiani ni adabu. Unampisha mkubwa wako, unampisha mwenye mzigo. Anayepisha ametoa kwa hiari. Ardhi inayotwaliwa kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 haitolewi kwa adabu, hata kama mwenyewe amesaini bila kinyongo. Suala hili lilijitokeza tena wilayani Handeni kuanzia Juni 2022, familia kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa kijiji cha Msomera. Habari nyingi zilijadili kama wanaohama wanahama kwa hiari au la, na mjadala huo ulistahili. Lakini neno “affected” lingewajumuisha pia waliokuwa wakiishi Msomera kabla ya wageni kufika, watu ambao hawakuhama popote, na ambao “kupisha” na “kuhama” haviwataji kabisa.

Wapo wanaochanganya “affect” na “influence”, kwa kuwa zote zina harufu ya nguvu. “Influence” hufanya kazi katika nia na uamuzi wa mtu, nayo kwa Kiswahili ni ushawishi. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kumshawishi mtu akubali kiwango cha fidia. Kiwango chenyewe kitaathiri maisha yake. Hata hapo pana mitego ya tafsiri: dereva aliyekunywa haendeshi “chini ya ushawishi wa pombe”, kana kwamba chupa ilimbembeleza. Amelewa.

Ama “affect” na “effect”, ambazo huwasumbua hata Waingereza, mwanafunzi wa Kiswahili anayo njia rahisi. Affect ni kuathiri, effect ni athari. Cha kwanza ni kitenzi na cha pili ni nomino, na kwetu zinatofautiana kwa irabu kama zinavyotofautiana kwao. Zipo nyakati ambapo “effect” hugeuka kitenzi chenye maana ya kutekeleza, na katika barua za serikali “with effect from” ni “kuanzia” tu, pasipo athari yoyote. Aidha, “affect” ina maana nyingine ya kujitia au kujifanya, kama mtu wa Korogwe aliyekaa London miezi mitatu akarudi akizungumza kwa puani. Huyo hajaathirika. Anajitia.

Kwa atakayekwenda tena Mkata au Kabuku na dodoso mkononi, swali linaweza kuulizwa bila “athari” hata mara moja: “Mradi huu ukija, ni kitu gani kitabadilika kwako? Kipi kitaongezeka, na kipi kitapungua?” Ni refu kuliko swali la Kiingereza kwa maneno kadhaa, na karatasi za dodoso zina nafasi ya kutosha.