Mashujaa wa Brooklyn

Mtu mzima humpenda mtu kwa sababu. Mtoto hupenda kwanza, sababu akazitafuta baadaye. Kwa hiyo mtoto apotewapo na shujaa wake hana hoja ya kujitulizia, na msiba huo mara nyingi ndio wa kwanza kumfika maishani. Kwa desturi misiba ya namna hii huja kwa mtoto mmoja mmoja, kila mtu na wakati wake. Huko Brooklyn, katika Marekani, uliwafika watoto wa mji mzima kwa pamoja, mwaka wa 1957.

Brooklyn ulikuwa mji wenye serikali yake hata mwaka wa 1898, ulipotiwa ndani ya New York. Baada ya hapo alama za kujitegemea kwake zilibaki chache, na iliyopendwa sana ilikuwa klabu ya besiboli iitwayo Dodgers, ambayo asili yake ni mwaka wa 1883. Tangu 1913 klabu hii ilicheza katika uwanja wa Ebbets Field. Uwanja ulikuwa mdogo, wa watu 32,000 hivi, na watazamaji walikaa karibu na wachezaji hata wakasikia maneno yao. Baadhi ya wachezaji walikaa katika mitaa ya Brooklyn, na watoto waliwaona dukani na kanisani kama walivyowaona jirani zao.

Besiboli ni mchezo wa watu tisa dhidi ya tisa. Mmoja hurusha mpira, mpinzani wake hujaribu kuupiga kwa gongo, na akifaulu hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Kila tendo laweza kuandikwa daftarini kwa alama fupi, hata mtu asiyekuwapo akilisoma daftari ataujua mchezo wote. Doris Kearns Goodwin, aliyezaliwa mwaka wa 1943 na kukulia katika kitongoji cha Rockville Centre, karibu na New York, alifundishwa kazi hiyo na baba yake akiwa na umri wa miaka sita. Baba alikuwa kazini wakati wa michezo ya mchana. Jioni arudipo, binti alimsimulia pigo kwa pigo mchezo alioufuata redioni. Mtoto aliamini kwamba bila ya masimulizi yake baba asingejua lolote. Hakujua bado kwamba magazeti nayo huandika habari hizo.

Mapenzi ya Brooklyn yalilelewa na kushindwa. Baina ya 1941 na 1953 Dodgers walifika mara tano katika mashindano ya kumaliza mwaka, yaitwayo World Series, na mara zote tano walishindwa na Yankees, klabu nyingine ya New York. Wapenzi wao walizoea kuambiana kwamba wangoje mwakani. Gil Hodges aliposhindwa kupata hata pigo moja jema katika mashindano ya 1952, na mwaka uliofuata akaanza vibaya, padri mmoja wa Brooklyn aliwaambia waumini kwamba joto lilikuwa kali mno kwa mahubiri. Wazishike amri za Mungu, na wamwombee Hodges. Hatimaye, tarehe 4 Oktoba 1955, Yankees walifungwa 2 kwa 0 katika mchezo wa saba. Huo ndio ushindi wa pekee wa World Series ambao Dodgers waliupata wakiwa Brooklyn.

Lakini sifa ya klabu hii haikuwa ushindi huo peke yake. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson alitokea Ebbets Field, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu kwa muda wa miaka zaidi ya 60. Alitukanwa na kutishwa, akastahimili. Mwaka wa 1949 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Haya yalitangulia kwa miaka saba hukumu ya 1954, ambayo kwayo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Mtoto mweusi alimtazama Robinson akaona mlango uliofunguliwa. Mtoto mweupe aliyelishangilia jina lake hakuwa amesoma sheria wala siasa, lakini alikwisha jifunza kumheshimu mtu ambaye nchi yake ilikuwa bado haijamtendea haki.

Kisha mashujaa wakaanza kutoweka. Mnamo Desemba 1956 Robinson aliuzwa kwa klabu ya Giants, mahasimu wa miaka mingi. Badala ya kwenda huko, aliacha mchezo. Walter O'Malley, mwenye klabu, alitaka kiwanja kipya katikati ya Brooklyn. Robert Moses, aliyekuwa na nguvu juu ya ujenzi wa New York, hakukubali. Wanahistoria wangali wakishindana juu ya nani astahiliye lawama zaidi. Mchezo wa mwisho wa Ebbets Field ulichezwa tarehe 24 Septemba 1957 mbele ya watu 6,702 tu, na tarehe 8 Oktoba ilitangazwa kwamba klabu inahamia Los Angeles. Dodgers walikuwa mali ya O'Malley kwa sheria na mali ya Brooklyn kwa mapenzi, na sheria ikashinda.

Hapa yafaa kupambanua misiba miwili. Tarehe 28 Januari 1958 Roy Campanella, mdakaji hodari aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu, aliangukiwa na ajali ya gari akapooza mwili. Watoto walimlilia, na watu wazima wakalia pamoja nao. Msiba wa klabu haukuwa hivyo. Hodges na wenzake walikuwa hai, wakicheza kwa jina lile lile la Dodgers, ila walishangiliwa na watu wengine katika mji wa mbali. Aliyefiwa hupewa pole na kuonyeshwa kaburi. Aliyehamiwa na shujaa wake huambiwa kwamba ule ni mchezo tu. Tarehe 23 Februari 1960 uwanja ulianza kubomolewa kwa tufe la chuma lililopakwa rangi mfano wa mpira wa besiboli, na mahali pake pakajengwa nyumba za kupanga.

Kifo nacho hakikukawia. Goodwin alikuwa na umri wa miaka 15 mama yake alipofariki mwaka wa 1958, miezi michache baada ya Dodgers kuondoka. Mwaka wa 1972 Hodges alifariki tarehe 2 Aprili, na Robinson tarehe 24 Oktoba, akiwa na miaka 53. Wale waliokuwa watoto mwaka wa 1947 sasa walikuwa wazazi, wakiwaeleza wana wao juu ya watu ambao wana hao hawakuwahi kuwaona.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo hulingana na mali ya moyo pia. Msichana wa Rockville Centre aliingia katika kazi ya historia, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1995 kwa kitabu chake juu ya Rais Roosevelt na mkewe wakati wa vita, na mwaka wa 1997 akatoa kitabu juu ya utoto wake na Dodgers. Daftari lake halikuwazuia Dodgers kuondoka wala halikumrudisha Robinson, kwa maana hiyo si kazi ya historia. Kazi yake ni ile aliyoifanya mtoto yule jioni baba aliporudi: kumweleza kwa uaminifu mtu ambaye hakuwapo, pigo kwa pigo, pamoja na siku za kushindwa.