Picha za wachumba nje ya studio: Jinsi ya kulinda nyuso zisimezwe na mandhari

Na MWANDISHI WETU

PICHA ya uchumba ni kumbukumbu ya siku ambazo ahadi imekwisha kutolewa lakini ndoa haijafungwa. Hutiwa katika kadi ya mwaliko, hutumiwa jamaa walio mbali, na hatimaye hutundikwa ukutani kwa miaka mingi.

Zamani picha hii ilikuwa kazi ya studio. Mjini Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilisifika katikati ya karne ya 20 kwa picha za wapenzi na maharusi waliopangwa kwa makini mbele ya taa. Leo wachumba wengi hupendelea kupigwa picha nje, ambako badala ya taa inayosogezwa kuna jua lisilomtii mtu.

Matokeo yake ni kosa linaloonekana mara kwa mara: mlima na mbingu zinang'aa, nyuso za wenye picha zimepotea gizani. Mboghoni, wadi iliyoko Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, ni mfano mzuri wa kueleza kosa hilo na tiba yake, kwani ina mandhari ya kuvutia na jua kali.

SAA INAYOFAA

Eneo hili liko takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa Ikweta. Jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, tofauti ikiwa ni kama nusu saa tu. Aidha, hupanda karibu wima, hivyo mwanga laini wa asubuhi haukawii kuisha.

Saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo ndizo bora zaidi. Adhuhuri vivuli huangukia chini ya nyusi, pua na kidevu, na macho huonekana kama mashimo. Hali huwa mbaya zaidi katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapopita utosini hasa.

Wasioweza kukutana ila mchana watafute kivuli kipana, mathalani upande wa ukuta usiopigwa na jua, na wasimame karibu na ukingo wake wakitazama kwenye mwangaza. Wasikae chini ya mti wenye majani machache, kwani madoa ya jua yatawatapakaa usoni.

MLIMA NYUMA, JUA MBELE

Kutoka Taveta, Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895 uko kaskazini magharibi. Wachumba wakiupa mgongo asubuhi, jua la mashariki huwafikia kwa mbele, upande wao wa kushoto, na wakati huo huo huangaza mlima. Mara nyingi mawingu huufunika mlima kadiri siku inavyosonga, hivyo anayeutaka picha yake na awahi.

Jioni mambo hugeuka. Jua huwa upande wa mlima, nyuma ya wachumba, na nyuso zao huwa kivulini. Hapo mpiga picha ana njia mbili: kuwageuza, au kurudisha mwanga usoni kwa kitambaa cheupe kilichotandazwa na kushikwa na msaidizi.

Mmoja akiwa mrefu kuliko mwenzake, asisimame upande linakotoka jua. Kivuli chake kitamfunika wa pili.

NGOZI NA KIPIMO CHA KAMERA

Vifaa vya picha havikutengenezwa kwa kuzingatia ngozi zote. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, maabara za filamu za Kodak zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi nyeusi ilipoteza undani wake, na wengi wakadhani kasoro ni yao.

Kamera za sasa zimeboreshwa, lakini kipimo chao cha mwanga bado hukisia kwamba kila kinachoonekana kina weupe wa wastani. Gauni jeupe au anga pana huifanya kamera ipunguze mwanga, na uso ukawa mweusi tititi. Msitu wenye giza, kama wa Kitobo, huifanya iongeze mwanga kupita kiasi, na uso ukachujuka.

Tiba ni kupima mwanga usoni, si kwenye mandhari. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo kisha rekebisha mwangaza. Kagua picha ya kwanza kwa kuikuza: paji la uso na mashavu yawe na mng'ao usio doa jeupe tupu. Jasho lipanguswe kwa leso, lakini mng'ao wa asili wa ngozi uachwe, kwani ndio unaochora umbo la uso.

Katika migomba ya Mboghoni kuna hatari nyingine. Mwanga uliopita kwenye majani au kugonga majani huja na ukijani, ukaifanya ngozi ionekane kama ya mgonjwa. Sogeza wachumba hatua chache mbele, migomba ibaki nyuma yao.

MKAO

Nyuso mbili ziwe umbali mmoja kutoka kwa lenzi, la sivyo mmoja atakuwa na ukungu. Tundu la lenzi la f/4 au f/5.6 ni salama kuliko f/1.8. Wape kitu cha kufanya, kama kutembea au kuzungumza, maana mikono isiyo na kazi huleta ugumu wa mwili. Kiasi cha kukumbatiana waamue wenyewe, wakikumbuka kwamba wazazi wa pande zote mbili wataiona picha.

RUHUSA NA USALAMA

Shamba la migomba au mkonge lina mwenyewe, aombwe kwanza. Sehemu ya Ziwa Jipe imo katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, na kupiga picha za kibiashara humo kunahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori nchini (KWS). Ziwa hilo lina viboko na mamba, hivyo wachumba wasiingie majini wala kukaa ukingoni giza likianza.

BAADA YA KUPIGA

Programu nyingi za simu "hurembesha" uso kwa kuufanya mweupe na laini. Zima uwezo huo. Rekebisha mwanga na ukijani, lakini rangi ya mtu iache. Mjukuu atakayeitazama picha hiyo miaka 50 ijayo ana haki ya kumwona bibi yake alivyokuwa.