Programu Hupita, Alama Hubaki

Ngamiani, kusini mwa reli ya Tanga, imepangwa kwa barabara zilizonyooka, zinazoitwa kwa namba, na mabati ya nyumba zake yanafanana. Ukizipiga picha kutoka angani, vipande vya barabara mbili tofauti huonekana pacha, na kuviunganisha ni mtihani. Katika historia ya kazi hii, kilichowezesha chombo kipya kurithi cha zamani ni kutunzwa kwa alama za kuunganishia, zaidi ya ubora wa chombo chenyewe.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Ndege za jeshi la anga la Uingereza (RAF) zilipiga picha Afrika Mashariki, kila picha ikilalia inayofuata kwa takriban asilimia 60. Ofisini, kila picha ilikatiwa kiolezo chenye mianya iliyoelekea kwenye alama zilizotambuliwa, kama vile pembe ya jengo au njia panda. Violezo vilipangwa mezani kwa kulaliana, vikashikwa na vipini vilivyopita kwenye mianya, kisha vikasogezwa hadi vikatulia juu ya alama zilizopimwa ardhini. Kompyuta zilipoingia, violezo viliwekwa kando, lakini alama ziliendelea kutumika. Mwaka 1998 Mjerumani Helmut Dersch alitoa Panorama Tools, na ndani yake PTStitcher, programu ya kuunganisha picha isiyo na vitufe, inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Msimbo wake haukuwekwa wazi, kwa hiyo Dersch alipoacha kuiendeleza hakuna aliyeweza kuirekebisha. Mrithi wake, PTmender, aliandikwa upya, ila akasoma faili zilezile za maelekezo, ambamo alama ziliandikwa. Kazi ya zamani haikupotea.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba siku hizi programu hujitafutia alama, basi za nini za kupimwa? Ni kweli hujitafutia, na kwa kasi. Lakini inalinganisha picha na picha tu, na mtaani ambako bati hufanana na bati, inaweza kuunga barabara isiyo yake, au kuunga sawasawa kisha ramani nzima ikapinda kidogokidogo. Alama iliyopimwa kwenye makutano ya barabara ndiyo inayoonyesha kosa. Wengine watasema alama za kale hung'olewa barabara ikipanuliwa. Hiyo ni sababu ya kuzipima upya, wala si ya kuziacha. Kwa hiyo ofisi inayobadilisha programu ianze kwa kuuliza kama alama zake zimehifadhiwa katika faili ambayo programu yoyote inaweza kuisoma.