Simu iliyofunguliwa na sasisho lake: historia inayofika hadi soko la Kalemie

KALEMIE – Mara nyingi ujumbe unakuja usiku, simu ikiwa kwenye chaji: sasisho la mfumo liko tayari, bonyeza hapa. Wengi mjini wanaliita kwa Kifaransa, « mise à jour ». Kwa simu iliyonunuliwa mpya, jambo hilo linakula mega na muda tu. Lakini kwa simu ambayo fundi aliwahi kuufungua mfumo wake, kubonyeza mara moja kunaweza kuifanya isiwake tena. Na mwenye simu mara nyingi hajui kwamba yake ni ya aina hiyo, kwa sababu aliyeifungua ni mtu wa kabla yake.

Kwa familia zilizokimbia vijiji vyao, hasara hiyo ni zaidi ya bei ya simu. Tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipowasukuma watu kwa maelfu hadi Katanyika, Kalunga na maeneo mengine ya pembeni mwa Kalemie, hasa mwaka 2016 na 2017, hadi kwa wale waliofika kwa mashua kutoka Kivu Kusini mwanzoni mwa 2025, simu ndiyo inayobeba namba za ndugu waliotawanyika na sauti zao. Wengine wamebaki na picha ya marehemu ndani ya simu tu, hawana nyingine. Nyumba imebaki kijijini, karatasi zimeungua, simu iko mfukoni.

Ili kuelewa kwa nini sasisho linaweza kuua simu, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Simu ya kwanza ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, ikiwa imefungwa kwa kampuni moja tu ya mtandao, AT&T. Kabla ya miezi miwili kwisha, kijana wa miaka 17, George Hotz, alikuwa ameifungua ikubali kadi ya SIM ya kampuni nyingine. Wengi wakafuata kwa programu zilizotengenezwa na watu wengine. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo kampuni ya Apple ilitoa onyo: simu zilizofunguliwa hivyo zinaweza kufa moja kwa moja zitakapopokea sasisho linalofuata. Siku tatu baadaye sasisho lenye namba 1.1.1 likatoka. Baadhi ya waliolipokea walibaki na kitu kizuri cha kushika mkononi, lakini bila simu. Apple ilisema haikukusudia kuziua. Hata kama ni hivyo, wenye simu walipata somo ambalo halijabadilika hadi leo: anayetengeneza sasisho anaipima simu jinsi ilivyotoka kiwandani, hajali yaliyoipata njiani.

Wavuvi na mafundi wa mbao wa ziwa Tanganyika wataelewa haraka. Sasisho ni kama ubao uliokatwa mbali, kwa vipimo vya mashua ilipokuwa mpya. Kama kuna mtu alibadilisha mbao za ndani, ubao huo hauingii. Ukilazimishwa, mashua inapasuka.

Upande wa Android mambo yalianza kwa kichekesho. Simu ya kwanza ya Android, G1, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008. Wiki chache baadaye ikagundulika kwamba kila neno lililoandikwa kwenye kibodi yake lilikuwa linapokelewa pia na mfumo kama amri ya mkubwa. Mtu akiandika kwenye mazungumzo yake neno la Kiingereza « reboot », simu ilijizima na kuwaka upya papo hapo! Huyo mkubwa anaitwa « ruti », yaani mzizi. Ndilo jina la mtumiaji mkuu ndani ya Linux, mfumo ambao Android imejengwa juu yake. Ruti anaingia chumba chochote na kufuta chochote. Watengenezaji humfungia mlango ili mwenye simu, au mwizi, au programu mbaya, asitumie uwezo huo.

Google ikaziba tundu kwa sasisho lililojulikana kama RC30. Hapo wenye G1 wakagawanyika. Wengi walipokea na kuendelea na maisha. Wengine waliupenda ule uhuru, wakakataa sasisho, na waliokuwa wameshalipokea wakairudisha simu kwenye toleo la nyuma, RC29, kwa faili lililowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Tangu siku hizo, mtu anayetaka kubaki na ruti amejifunza kuogopa sasisho. Ni hali ya ajabu ukifikiri, maana sasisho lilitengenezwa kumlinda.

Baadhi waliona ni heri kuacha kusubiri ya kiwandani na kuunda mifumo yao wenyewe. Mwaka 2009 Mmarekani Steve Kondik alianzisha CyanogenMod, Android iliyorekebishwa na watu wa kujitolea, yenye masasisho yake. Septemba mwaka huo Google ilimwandikia barua ikimtaka aache kugawa programu zake pamoja na mfumo huo. Baada ya hapo zikawa zinawekwa kando. Kazi hiyo ilifungwa mwisho wa 2016 na kuendelezwa kwa jina la LineageOS, ambao bado unazipa simu kuukuu miaka ya ziada baada ya viwanda kuzisahau.

Hadi mwaka 2014 sasisho la Android lilikuwa linapima ubao mmoja mmoja, faili kwa faili. Fundi mwerevu aliweza kurudisha faili chache alizogusa, sasisho likapita. Android 5.0, iliyotoka mwaka huo, ilibadilisha namna: sehemu nzima ya mfumo ikaanza kupimwa kama kipande kimoja. Faili moja likiguswa, hata dogo, vipimo havilingani na sasisho linakataa kuingia. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaongeza ukali kwenye simu zilizotoka nayo: mfumo unachunguzwa kila simu inapowashwa, na ukikutwa umeharibiwa simu inaweza kukataa kuwaka.

Mwaka huohuo wa 2016 mwanafunzi mmoja, John Wu, alitoa programu ya Magisk. Wazo lake lilikuwa kuacha sehemu ya mfumo bila kuiguswa na kubadilisha tu ile ndogo inayowasha simu. Anayeitumia anaweza kurudisha sehemu hiyo jinsi ilivyokuwa, akapokea sasisho, kisha akaifungua tena. Kuna simu mpya zaidi zenye nafasi mbili za mfumo: sasisho linaandikwa kwenye nafasi iliyolala huku nyingine ikifanya kazi. Kwa hizo Magisk inawekwa kwenye ile nafasi ya pili kabla ya kuzima na kuwasha. Nafasi mbili zina faida nyingine ambayo watu wa Kalemie wataipenda: umeme wa Bendera ukikatika na betri ikaisha katikati ya kazi, simu inarudi kwenye nafasi ya zamani. Simu ya nafasi moja haina pa kurudi kwa urahisi hivyo.

Ila wengi wanaotembea na simu iliyofunguliwa mjini hawakuwahi kusikia jina la Magisk.

Bidhaa zinaingia Kalemie kwa maji kutoka Kigoma na Uvira, kwa reli na kwa barabara. Simu za mkono wa pili zinafika zikiwa zimeshapita kwa watu wengi. Moja ilifungwa kwa mtandao wa nchi nyingine, ikafunguliwa. Nyingine ilibaki na akaunti ya Google ya mwenye zamani, maana tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 simu iliyofutwa kwa nguvu inadai neno la siri la akaunti ya kwanza. Fundi akaondoa kizuizi hicho. Nyingine iliandikwa mfumo wa simu isiyo yake ili ionekane mpya. Mnunuzi anaona kioo kizuri na bei nzuri. Siku ujumbe wa kusasisha unapofika, anabonyeza.

Ikizima, anaipeleka kwa fundi, naye anaiflashi, yaani anaandika mfumo wote upya kwa kompyuta. Kwa simu nyingi za bei nafuu zenye moyo wa MediaTek, kazi hiyo inafanywa na programu inayoitwa SP Flash Tool. Ndani yake kuna chaguo la kufuta kila kitu kabla ya kuandika. Fundi mwenye haraka akilichagua, anafuta pia sehemu inayotunza namba za IMEI, zile tarakimu 15 za utambulisho wa simu. Simu inawaka vizuri, picha inaonekana vizuri, lakini mtandao hakuna. Ndiyo maana mafundi makini wanahifadhi kwanza nakala ya sehemu hiyo kabla ya kugusa kingine. Mteja ana haki ya kuuliza kama imefanyika.

Wakongomani wengi walizifahamu tarakimu hizo kwa uchungu wa unite zao. Septemba 2020 mamlaka ya posta na mawasiliano, ARPTC, ilianzisha daftari la simu lililoitwa RAM. Ada ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G kwenda juu, ikikatwa kwenye unite. Serikali ilisema ni kupambana na simu za wizi na za bandia. Raia walilalamika, vijana wakaandamana, suala likafika bungeni, na mwanzoni mwa 2022 makato yakaondolewa. Jambo moja lilibaki vichwani: simu ina namba yake, tofauti na namba ya SIM, na inaweza kujulikana kwayo.

Je, basi kila anayeshuku simu yake akatae masasisho yote? Kisa kimoja kinajibu. Mwaka 2016 kampuni ya Kaspersky ilieleza programu mbaya inayoitwa Triada, inayojificha ndani ya mfumo wenyewe. Agosti 2020 ikatangazwa kwamba baadhi ya simu za Tecno W2 zilikuwa zimeuzwa na Triada ikiwa imeshaingizwa, na kwamba ilileta nyingine, xHelper, iliyokuwa inawaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua. Nchi zilizotajwa ni Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, Kongo haikutajwa. Kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakukusaidia, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa kiwandani kwenyewe. Kampuni mama, Transsion, ilisema kosa liliingia kupitia mmoja wa wagavi wake, na kwamba dawa dhidi ya Triada ilikuwa imetolewa tangu Machi 2018. Dawa hiyo ilikuja kwa njia gani? Kwa sasisho. Aliyelikataa alibaki na mwizi ndani ya nyumba.

Tena kuna milango inayofungwa taratibu. Tarehe 1 Novemba 2021 WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.0.4 na zile za nyuma yake. Kwa familia ambayo habari za Nyunzu au Manono zinakuja kwa sauti za WhatsApp, kubaki nyuma ni kupoteza sikio.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua unashika nini. Simu nyingi ambazo kufuli lake la kuwashia limefunguliwa huonyesha onyo kila zinapowashwa, kwa sekunde chache kabla ya picha ya kampuni, zikisema haziwezi kuthibitisha mfumo wake. Watu huliona kila siku bila kulisoma. Ndani ya duka la programu la Google, kwenye mipangilio, sehemu ya « kuhusu », inaandikwa kama kifaa kimethibitishwa au hapana. Na jina la modeli lililoandikwa kwenye mipangilio likiwa tofauti na lile la mgongoni mwa simu, hapo usibonyeze sasisho kabla fundi hajaiangalia. Kuirudisha simu kwenye toleo la nyuma nako kuna mtego: mwaka 2018 wenye Redmi Note 5 Pro ya Xiaomi waliojaribu hivyo walikuta kinga mpya inazizima kabisa.

Swali la pili ni nini kitapotea. Pesa za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hazimo ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti ya namba, na SIM ikiwekwa kwenye simu nyingine hata ndogo zinaonekana. Namba zilizohifadhiwa kwenye SIM zinabaki nayo. Zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya simu zinafutika, pamoja na picha, na kufungua kufuli la kuwashia peke yake kunafuta vyote. WhatsApp inajiandikia nakala saa 8 ya usiku, lakini nakala hiyo inalala ndani ya simu ileile hadi mtu aihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu au akaunti ya Google. Nakala ya kwenye kadi haidai mega hata moja.

Tuseme mama aliyetoka njia ya Nyunzu amekaa Katanyika na simu ya mkono wa pili, na ujumbe wa kusasisha umekuja leo. Anaweza kubonyeza « baadaye », ujumbe utarudi. Katikati ya hapo kuna muda wa kuhamisha picha kwenye kadi, na wa kumwita mtoto anayesoma aandike namba zote kwenye daftari la shule, moja moja, jina la kila ndugu na mahali alipo sasa.