Rono Alikimbia Mwezi wa Nne Kama Hakuna wa Sita

Kuna shabiki mmoja nyote mnamjua. Msimu wa vyuo vya Marekani ukifunguliwa, Mkenya fulani akishinda mbio zake mbili za kwanza huku wenzake wakiwa bado kwenye kona, yeye ashatoa hukumu: "Huyu ameanza na moto sana, ngoja mwezi wa sita utaona." Mkimbiaji huyo huyo akimaliza wa tano wikendi inayofuata, hukumu ya pili iko tayari: "Si nilisema? Ameisha." Nimeyasikia yakisemwa juu ya Edward Cheserek wa Oregon, ambaye aliondoka pale na mataji 17 ya NCAA, na siku hizi nayasikia juu ya Doris Lemngole wa Alabama. Siwacheki. Wikendi nyingine shabiki huyo ni mimi.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye nikimfikiria, hayo maneno ya "ngoja mwezi wa sita" yananikwama kooni. Anaitwa Henry Rono, kijana wa Nandi.

Turudi tarehe 8 Aprili 1978, uwanja wa Edwards, Berkeley, California. Msimu wa mbio za uwanjani ndio kwanza umeanza. Hizi ni zile mbio za vyuo kualikana: mnakuja, mnakimbia, mnahesabu pointi, mnarudi kwenu. Hakuna medali ya maana, hakuna wimbo wa taifa. Rono, mwanafunzi wa Washington State University, akaingia mita 5,000 na akatoka na 13:08.4. Rekodi ya dunia ilikuwa 13:12.9, ya Dick Quax wa New Zealand. Yaani jamaa amekata sekunde nne na nusu kwa rekodi ya dunia, kwa mashindano ambayo wengine walikuwa wanatoa tu kutu ya msimu wa baridi.

Hakutulia. Tarehe 13 Mei, Seattle, akakimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, akaifuta rekodi ambayo Anders Gärderud wa Sweden aliiweka akishinda dhahabu ya Olimpiki Montreal. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000 kwa 27:22.5. Hiyo aliichukua kwa Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake wa chuo hicho hicho. Fikiria mnaishi mji mmoja mdogo, Pullman, katikati ya mashamba ya ngano, halafu rekodi ya dunia inahama kutoka kwako hadi kwa mwenzako wa mazoezi. Tarehe 27 Juni, Oslo, akamaliza na mita 3,000 kwa 7:32.1. Rekodi nne, siku 81. Mpaka leo hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwenye mbio hizo nne.

Sasa, watu walisemaje?

Kelele kubwa kule Marekani ilikuwa juu ya umri. Rono alizaliwa Februari 1952, kwa hivyo mwaka 1978 alikuwa na miaka 26, na kabla ya chuo alikuwa jeshini Kenya. Anapangwa mstari mmoja na kijana wa miaka 19 aliyetoka shule ya upili juzi. Malalamiko yalikuwa kwamba makocha kama John Chaplin wa Washington State wanaleta wanaume waliokomaa kukimbia na watoto, na kwamba ufadhili wa masomo unaenda kwa wageni huku vijana wa nyumbani wakikosa. Nitakuwa mkweli: hoja ya umri haikuwa upuzi mtupu. Kama ningekuwa mzazi wa yule wa miaka 19, pengine ningeguna pia. Lakini angalieni pale ilipoanzia. NCAA ilikuwa tayari imejaribu kuwabana wageni kwa sheria yao pekee, iliyohesabu mashindano ya huko walikotoka kama miaka ya chuo iliyotumika, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C., kwenye kesi ya Howard University, ikasema sheria hiyo ni ya ubaguzi. Kwa hivyo Rono anaposimama Berkeley, kuna watu walishamhukumu kabla bunduki haijalia. Akishinda, ni kwa sababu ni mzee. Akishindwa, basi hata wazee hawatusaidii.

Na si yeye peke yake. Pale El Paso, Texas, chuo cha UTEP kilikuwa kimejaza Waafrika na kilibeba ubingwa wa mbio za nyika mwaka baada ya mwaka. Mmoja wao alikuwa jirani yetu Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeshinda mita 10,000 za NCAA mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Shikeni hilo jina, tutalirudia.

Kelele ya pili ndiyo hii yetu ya leo: anaungua mapema. Rekodi ya dunia mwezi wa nne ni ya nini? Mkimbiaji mwenye akili anajiwekea akiba kwa siku kubwa.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Siku kubwa ipi?

Mwaka 1976 Rono alikuwa kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe kwenye Olimpiki, ikakataliwa, na zaidi ya nchi 20 zikaondoka. Kenya ikiwemo. Sasa tazama hii: kwenye mita 5,000 pale Montreal, aliyepata fedha ni Dick Quax. Wa New Zealand. Yule yule ambaye Rono alikuja kumnyang'anya rekodi Berkeley. Sijui kama Rono aliwaza hilo akiwa mzunguko wa mwisho, lakini mimi kila nikisoma tarehe hizo mbili pamoja nasikia kitu kifuani.

Halafu 1980, Moscow. Marekani inagomea kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan, na Kenya inafuata. Rono nyumbani tena. Tanzania ikaenda. Nyambui akarudi na fedha ya mita 5,000, na Filbert Bayi akarudi na fedha ya viunzi na maji. Aliyeshinda dhahabu ya viunzi, Bronisław Malinowski wa Poland, alikimbia 8:09.70. Linganisha na ile 8:05.4 ya Rono ya Seattle, ya mbio za chuo tu. Najua, najua, mbio za medali ni za ujanja, watu hawafukuzani na saa. Bado inauma.

Mashindano ya dunia ya riadha kama tunayoyajua leo yalianza 1983. Kwa hivyo mwaka ule wa 1978 yalikuwepo ya Afrika, Algiers, na ya Jumuiya ya Madola, Edmonton. Rono alienda kote kuwili na akarudi na dhahabu mbili mbili. Baada ya rekodi nne! Huyo ndiye walikuwa wanasema anaungua mapema.

Kwa maoni yangu, hiyo 8 Aprili haikuwa mbio ya kufungulia msimu. Ilikuwa Olimpiki yake. Mtu ambaye serikali na vikao vya watu wakubwa vinaweza kumfungia Juni na Julai wakati wowote, atakimbia kwa nguvu zote siku ambayo hakuna wa kumzuia. Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya vyuo kualikana, California.

Ndiyo, aliungua. Sitawaficha. Novemba mwaka huo huo, kwenye ubingwa wa mbio za nyika wa NCAA kule Madison, Wisconsin, mtu mwenye rekodi nne za dunia alimaliza nafasi ya 237. Alberto Salazar wa Oregon akashinda. Mia mbili thelathini na saba. Hata ukitaka kushindwa makusudi, hiyo ni kazi. Na hapo "si nilisema?" zikamiminika, kwa sababu hakuna kitu shabiki anapenda kama kuwa sahihi miezi saba baadaye.

Hiyo sehemu ndiyo inanifanya niandike hii stori. Nilipopata nafasi ya chuo, kwetu kulifanywa harambee. Watu walitoa mia mia, wakaniita daktari kabla sijajua hosteli iko wapi, na nilikuwa hata sisomei udaktari. Muhula wa kwanza nikapata alama nzuri, na kila mtu kijijini alizijua. Mwaka wa pili karo ikakwama, nikakaa nje muhula mmoja, halafu wa pili, halafu sikurudi. Wale wale waliotoa mia wakawa na maelezo kamili: alianza na mbwembwe, mji ukamharibu. Hakuna aliyeuliza mwaka wa pili ulikuwa na nini ndani yake. Sijilinganishi na Rono, tafadhali msinitukane. Nasema tu naijua ile sauti.

Rono alirudi Novemba 1979 na kushinda mbio hizo za nyika, Salazar wa pili. Lilikuwa taji lake la tatu, baada ya 1976 na 1977. Mwaka 1981, chuo kikiwa kimeisha na pombe ikiwa tayari imemshika, alienda Knarvik, Norway, akaishusha tena rekodi ya mita 5,000 hadi 13:06.20.

Halafu kuna ile ya Aprili 1982. Tena mwezi wa nne! Eugene, Oregon, Hayward Field. Mashabiki wamejaa kumtazama Salazar wao, ambaye ametoka kushinda marathoni ya New York na siku tisa baadaye anakimbia Boston. Mita 10,000. Rono anaingia akiwa mzito, mwili wa mtu ambaye hajafanya mazoezi ya maana, na kwa macho tu ungeweza kumtoa. Wakakimbizana mpaka mita ya mwisho. Rono 27:29.90. Salazar 27:30.00. Nyumbani kwa Salazar, na mzito hivyo.

Baadaye maisha yakawa magumu Marekani. Alilala kwenye makazi ya watu wasio na nyumba, akabeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege, akafanya kazi ya kuegesha magari. Haya aliyaandika mwenyewe kwenye kitabu chake, hakuficha. Lakini nilipomuuliza mjomba wangu, ambaye 1978 alikuwa mtoto wa shule ya msingi, jibu lilikuwa fupi.

"Rono? Si yule wa pombe?"

"Mjomba, huyo aliweka rekodi nne kwa siku 81."

"Eeh, lakini alikunywa."

Nikamwonyesha ile ya Berkeley kwa simu. Akavaa miwani, akasoma tarehe, akasoma muda, akauliza viatu vilikuwa vya aina gani na uwanja ulikuwa wa aina gani. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama ni kweli Olimpiki hata moja hakukimbia. Nikamwambia ni kweli. Akasema hilo hakuna aliyewaambia wakiwa shule, walichoambiwa ni pombe.

Rono alirudi Kenya mwaka 2019. Alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2024, siku tatu baada ya kutimiza miaka 72. Kama hukusikia, sikulaumu. Usiku wa tarehe 11 tulikuwa tumempoteza Kelvin Kiptum kwenye ajali ya gari, miaka 24, rekodi ya dunia ya marathoni mkononi, na wiki hiyo simu zetu zote zilikuwa zinamlilia yeye. Haki yake kabisa, hata mimi niliweka picha yake siku nne mfululizo. Ya Rono niliipata nikiwa natafuta habari za mazishi ya Kiptum: picha ndogo ya mzee mwenye mvi, na chini yake orodha ya mbio nne. Nikasoma ya kwanza, 8 Aprili, Berkeley, nikadhani wamekosea mwezi.