Sekunde 90 za Kupima Akili

Mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot aliufafanua ugonjwa ambao leo unaitwa maltipo sklerosisi. Sasa tunajua kwamba kinga ya mwili huushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, ujumbe ukachelewa njiani. Mbali na mikono kutetemeka na macho kuchezacheza, Charcot aliona pia kwamba kumbukumbu za wagonjwa zilififia na mawazo yao yalikuja polepole.

Wengi waliomfuata hawakulitilia maanani jambo hilo. Mwaka 1926, Cottrell na Kinnier Wilson waliwahoji wagonjwa 100 mjini London, wakaandika kwamba waliodhoofika akili walikuwa wachache mno. Sishangai. Mgonjwa huongea vizuri na kukumbuka utoto wake; ukiketi naye kwa mazungumzo huoni kasoro. Hata kipimo cha ulemavu cha Kurtzke cha mwaka 1983, ambacho madaktari wanakitumia hadi leo, huangalia zaidi umbali anaoweza kutembea. Mhasibu anayeshindwa kufunga hesabu kwa wakati, lakini miguu yake ni mizima, huonekana hana shida kubwa.

Mwaka 1991 Stephen Rao na wenzake, huko Wisconsin, Marekani, waliwapima wagonjwa 100 na watu wazima 100 wenye afya. Upungufu wa uwezo wa akili ulionekana kwa wagonjwa 48, na kwa wenye afya 5 tu. Tofauti na London, safari hii watu walipewa kazi za kufanya.

Kazi ya aina hiyo iliyokuja kupendwa zaidi ni ya Aaron Smith, ya mwaka 1973. Sehemu ya juu ya karatasi kuna alama 9, kila moja na tarakimu yake. Chini yake, mistari ya alama hizohizo bila tarakimu. Mgonjwa hutaja tarakimu ya kila alama, mpimaji huandika, maana mkono unaotetemeka ungemponza. Jicho hupanda, hushuka, hupanda tena, hadi sekunde 90 ziishe. Hakuna swali gumu hata moja: kinachopimwa ni kasi, nayo ndiyo ambayo ugonjwa huu huila mapema.

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza kipimo hicho cha Smith pamoja na viwili vya kumbukumbu, kwa dakika 15 hivi. Muda ukibana, hicho kimoja kinatosha. Kikirudiwa baadaye, mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe. Akipungukiwa na majibu 4, daktari ana sababu ya kumuuliza kazini mambo yanaendaje.