Herufi 38 ndani ya hema

 

Unamwita mtoto wako kwa lugha ya kwenu, naye anakujibu kwa lugha ya shuleni. Amekuelewa vizuri, ila jibu limetoka kwa lugha nyingine. Mchana unacheka. Usiku, taa ikishazimwa, unawaza: je, wajukuu wangu watajua tulitoka wapi?

Leo tunakusimulia habari za watu waliolala na wazo hilo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, nao walikuwa ndani ya mahema. Ni Waarmenia.

Waarmenia ni watu wa kale wa nchi ya milima, upande wa mashariki ya Uturuki ya leo na kusini ya milima ya Kaukasi. Ni Wakristo tangu karne ya 4. Mwaka 405 mtawa aitwaye Mesrop Mashtots aliwatungia herufi zao wenyewe. Zilikuwa 36, na baadaye zikaongezwa mbili. Ukiziona zimeandikwa ukutani hutazifananisha na za taifa lingine lolote. Kumbuka herufi hizo, maana tutazirudia.

Kwa karne nyingi Waarmenia wengi waliishi chini ya dola ya Waosmani, pamoja na Waturuki, Wakurdi, Waarabu na wengine. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, serikali ya dola hiyo iliwageukia. Usiku wa tarehe 24 Aprili 1915 viongozi na waandishi wao walianza kukamatwa katika mji mkuu, unaoitwa Istanbul siku hizi. Kisha vijiji na miji mizima ikaamriwa kuhama. Wanaume wengi waliuawa. Wanawake, wazee na watoto walisukumwa kwa miguu kuelekea jangwa la Siria. Wanahistoria wengi wanasema waliokufa walifika milioni moja au zaidi. Sitaeleza njia hiyo ilivyokuwa. Kati yenu wapo wanaoijua njia ya namna hiyo bila kusimuliwa na redio.

Nataka nikupeleke kwenye nyumba moja. Iko Antoura, kijiji cha mlimani karibu na Beirut, nchini Lebanon. Ilikuwa shule ya mapadri wa Kifaransa. Wakati wa vita serikali iliichukua na kuifanya makao ya yatima, na humo wakawekwa mamia ya watoto wa Kiarmenia waliopoteza wazazi njiani. Walipewa chakula, ingawa kidogo sana, na mahali pa kulala. Lakini mlangoni jina la mtoto lilibaki nje. Kila mmoja alipewa jina la Kituruki na namba. Aliyesikika akisema Kiarmenia alichapwa. Dini nayo ikabadilishwa. Mpango ulikuwa kwamba baada ya miaka michache kusiwe na Mwarmenia ndani ya nyumba ile, ingawa watoto ni wale wale.

Tunajua haya kwa sababu mmoja wa watoto hao, Karnig Panian, aliishi akaandika kitabu. Walinong'onezana majina yao ya kwanza, yale waliyopewa na wazazi, ili yasisahaulike. Vita vilipoisha mwaka 1918 nyumba ile ilibadilisha mikono na watoto wakaruhusiwa kuwa Waarmenia tena. Kazi haikuwa rahisi kama inavyosikika, kwa kuwa lugha ilikuwa imeshaanza kuchuja vinywani mwao. Panian mwenyewe alipokua alifundisha katika shule ya Kiarmenia mjini Beirut.

Sasa twende kwa watu wa mlima wa Musa Dagh, ulio kando ya bahari ya Mediteranea. Amri ya kuhama ilipowafikia mwaka 1915, watu wa vijiji sita vya hapo waligawanyika. Wengine walitii. Wengine, zaidi ya 4,000, walipanda mlimani na mbuzi wao, magodoro na bunduki chache, wakajihami kwa zaidi ya siku 40. Walitundika kitambaa kikubwa upande wa baharini kuomba msaada. Mwezi Septemba meli za kivita za Ufaransa zilikiona, zikawachukua na kuwapeleka Port Said, nchini Misri. Huko wakapangiwa mahema mchangani kando ya mfereji wa Suez.

Port Said ilikuwa kambi kama kambi: foleni, mgao, upepo wa mchanga, uvumi wa kila siku kwamba kesho tunarudi. Mtu angeweza kusema, tungoje kwanza vita viishe, shule tutaijenga nyumbani. Hawakungoja. Chama cha msaada cha Waarmenia, kilichoanzishwa Cairo mwaka 1906, kilifungua shule humo humo kambini, na watoto wakaanza kufundishwa herufi zile za Mashtots. Wanawake walitarizi vitambaa vya kuuza. Walikaa pale hadi mwaka 1919.

Kisha walirudi kwao. Nadhani kuna msomaji amepumua hapo. Lakini mwaka 1939 Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Siria, iliikabidhi Uturuki sehemu ile ya pwani, na watu wa Musa Dagh, wakikumbuka 1915, wengi wao walifungasha tena. Kijiji kimoja tu, Vakifli, kilibaki na Waarmenia wake, na wapo mpaka leo. Waliobaki walipelekwa Anjar, bonde la Bekaa nchini Lebanon, mahali penye mawe na mbu. Wengi walikufa kwa malaria na baridi kabla nyumba ndogo za chumba kimoja hazijaisha kujengwa.

Na hapa ndipo wanaponishangaza. Walipogawa kiwanja cha mji huo mpya, hawakuita mitaa kwa namba. Waliigawa mitaa sita, wakaipa majina ya vijiji vyao sita vya mlimani, na kila familia ikakaa mtaa wa kijiji chake. Mtoto aliyezaliwa Anjar, asiyewahi kuuona mlima, akiulizwa anakaa wapi hutaja jina la kijiji cha babu yake. Kila mwaka mwezi Septemba bado wanapika herisa kwenye masufuria makubwa, ngano na nyama vikikorogwa usiku kucha huku ngoma zikilia. Wasikilizaji wa mwambao wataitambua: ni ndugu wa bokoboko.

Beirut kwenyewe walifanya vivyo hivyo. Wakimbizi wa Kiarmenia walianza kwenye kambi ya mabanda karibu na bandari, penye matope na moto wa mara kwa mara. Vyama vya watu wa mji mmoja vikachanga fedha, vikanunua ardhi ng'ambo ya mto, kwenye kinamasi, mahali paitwapo Bourj Hammoud. Mitaa ikaitwa Nor Marash, Nor Adana, Nor Sis. Neno "nor" maana yake ni mpya. Marash Mpya, Adana Mpya.

Lakini usidhani wote walifika wakisema Kiarmenia. Watu wengi wa Adana na Marash walikuwa wakisema Kituruki nyumbani tangu zamani, na waliendelea nacho hata ukimbizini. Walimu wakaanza kampeni ya kuhimiza kila mtu aseme Kiarmenia. Ikawa mtoto analeta lugha nyumbani kutoka shuleni, na bibi anajifunza kwa mjukuu. Kwa hiyo kile tunachokiita "kulinda" mara nyingine kilikuwa kurudisha, na mara nyingine kuanza upya kabisa. Wapo wazee walioona uchungu, maana nyimbo za kubembeleza watoto walizozijua zilikuwa za Kituruki, na sasa waliambiwa ni lugha ya adui. Mimi siwezi kuwacheka wala kuwalaumu walimu. Ila bibi yule namfikiria.

Je, walijifungia? Kwa sehemu, ndiyo. Wazazi wengi waliogopa ndoa na watu wa nje. Ndani yao pia vyama vya siasa viligombana, na mwaka 1958 Waarmenia wa Lebanon walifika hatua ya kuuana wenyewe kwa wenyewe. Lakini hawakuikataa nchi iliyowapokea. Walijifunza Kiarabu, walifungua karakana za viatu na dhahabu, walipata uraia, na leo bunge la Lebanon lina viti sita vya Waarmenia kati ya 128.

Karibu na wasikilizaji wetu wa Ethiopia, mwaka 1924 Ras Tafari, aliyekuja kuitwa Mfalme Haile Selassie, aliwakuta yatima 40 wa Kiarmenia Yerusalemu wakipiga muziki, akawachukua kwenda Addis Ababa wawe bendi ya dola. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa wa Ethiopia wa enzi za mfalme. Kwa hiyo kwa miaka mingi Waethiopia walisimama wima kwa muziki wa mkimbizi.

Waliokwenda Ufaransa na Marekani walikutana na jaribu la aina nyingine. Huko hakuna aliyekuchapa kwa kusema lugha yako. Shule ni nzuri, kazi zipo, majirani ni wapole, na lugha inaondoka polepole bila mtu kuifukuza. Waarmenia wana msemo mkali kwa jambo hilo: mauaji meupe. Maana yake watu kupotea bila damu kumwagika. Binafsi naona msemo huo umezidi. Kijana anayeoa mtu anayempenda hajamuua yeyote. Chukua mfano wa mwimbaji Charles Aznavour. Alizaliwa Paris mwaka 1924 katika familia ya Aznavourian, akakata ile "-ian" inayotambulisha majina ya Kiarmenia, akaimba zaidi kwa Kifaransa. Mtu angesema huyo ameshapotea. Lakini tetemeko la ardhi lilipoiangusha miji ya Armenia mwezi Desemba 1988, yeye ndiye aliyewakusanya wasanii wa Ufaransa kuchangisha fedha, na baadaye akawa balozi wa Armenia nchini Uswisi.

Hata hivyo wenye hofu hawakukosea kabisa. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliweka Kiarmenia cha Magharibi, yaani lugha ya wakimbizi hawa, katika orodha ya lugha zilizo hatarini kupotea. Shule zipo, makanisa yapo, magazeti yapo, na bado.

Kuna kazi moja yao iliyobaki, na kwa wewe uliye kambini pengine ndiyo ya karibu zaidi, kwa kuwa haikuhitaji ardhi wala ruhusa ya mtu. Wazee wa kijiji au mji mmoja, waliotawanyika Beirut, Aleppo, Paris na Boston, waliandikiana barua na kukusanya kitabu cha kumbukumbu ya kwao. Vitabu hivi vinaitwa houshamadyan, na viko mamia. Havikuandikwa na maprofesa. Waliandika washonaji, waalimu, mapadri, wenye maduka. Ndani yake kuna ramani iliyochorwa kwa kukumbuka tu: hapa kisima, hapa kinu cha kusagia, hapa mti wa mlozi wa fulani. Kuna majina ya familia mtaa kwa mtaa, majina ya utani, maneno ya lahaja ambayo mji wa pili hawayajui, jinsi ya kupika, jinsi ya kuposa, walivyomfundisha mtoto kutembea. Wakati mwingine wazee walibishana kwa barua miezi mizima kisima kilikuwa upande gani wa njia.

Kwa nini nakuambia haya? Kwa sababu wewe pia una mzee anayejua kisima kilikuwa upande gani. Chukua daftari la kurasa 96, kalamu, na jioni moja. Muulize majina ya mito, ya vilima, ya watu waliokaa nyumba ya kwanza mkitoka sokoni. Mwache achore hata kwa kijiti mchangani, kisha wewe unakili. Akikosea, atasahihishwa na mwenzake, na hapo ndipo mambo mengi hutoka. Andika kwa lugha ya kwenu, hata kama hujawahi kuiandika na hujui tahajia yake.